Uwanja Juu ya Ufa: Gharama na Faida za Kukarabati California Memorial Stadium

Kabla ya ukarabati wa mwaka 2010 hadi 2012, mtu aliyeuzunguka ukuta wa nje wa California Memorial Stadium mjini Berkeley na kufika kwenye sehemu ya viti iliyoandikwa KK aliweza kuona kwa macho yake jambo ambalo kwa kawaida hufichwa na ardhi. Vipande viwili vya ukuta wa zege vilivyojengwa mwaka 1923 vikiwa sambamba vilikuwa vimeachana, kimoja kikiwa kimesogea mbele ya mwenzake kiasi kwamba mistari yake ya mapambo haikukutana tena. Hakuna aliyevisukuma. Ufa wa Hayward, mmoja wa nyufa hatari zaidi za matetemeko katika jimbo la California, unapita chini ya uwanja huo karibu kutoka goli moja hadi jingine, na ardhi ya pande zake mbili husogea milimita chache kila mwaka kimyakimya. Kuna siku pia husogea kwa kishindo, kama ilivyokuwa tarehe 21 Oktoba 1868.

Sisi husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu hauzibiki, na ukuta ulikwisha kujengwa juu yake kabla wengi wa wanaobishana leo hawajazaliwa. Chuo Kikuu cha California cha Berkeley kilikuwa na mambo matatu ya kuchagua: kuuacha uwanja ulivyo na kuomba tetemeko lisitokee siku ya mechi, kuufunga na kwenda kucheza kwingine, au kuukarabati. Kilichagua kukarabati, na gharama ya uwanja pamoja na kituo cha mazoezi kilichojengwa ubavuni mwake ikakaribia dola milioni 475. Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila nikirudi kwake naona kosa lile lile. Kazi yenyewe ya kuuimarisha uwanja ilistahili. Kosa lilikuwa kuzifunga gharama mbili za aina tofauti kabisa katika furushi moja, ile ya kulinda maisha ya watu na ile ya kutafuta fahari ya mchezo, kisha kuliacha furushi zima lilipwe na matumaini ya ushindi.

Uwanja ulifunguliwa tarehe 24 Novemba 1923 kwa mechi dhidi ya Stanford, mahasimu wa jadi, na Berkeley ikashinda 9-0. Uliwekwa mdomoni mwa bonde la Strawberry Canyon, nusu yake ikiegemea kilima na nusu ikisimama juu ya ukuta wa zege wenye matao, mtindo ambao msanifu John Galen Howard aliuiga kwa Warumi. Ni ukumbusho wa Wakalifornia waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 2006 uliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, na tangu hapo wazo la kuubomoa wote na kuanza upya likawa gumu zaidi, kisheria na kihisia.

Msomaji aliyezoea kuona uwanja wa chuo kikuu kama mahali pa mashindano ya vitivo anahitaji kufahamu jambo moja. Nchini Marekani, timu za futiboli ya Kimarekani za vyuo vikubwa hujaza viwanja vya watu 60,000 na hata 100,000, huuza haki za televisheni kwa mamilioni ya dola, na mara nyingi kocha wao ndiye mtumishi anayelipwa zaidi chuoni. Kwa miaka mingi wachezaji walihesabiwa kuwa wa ridhaa, wakipewa ufadhili wa masomo bila mshahara, hivyo fedha ambazo katika ligi ya kulipwa zingekwenda kwao ziliishia kwa makocha na katika majengo. Majengo yenyewe yakawa silaha ya ushindani, kwani kijana wa miaka 17 anayetafutwa na vyuo kumi hutembezwa katika vyumba vya kubadilishia nguo na kumbi za mazoezi kabla hajaulizwa anataka kusomea nini.

Berkeley iliingia katika ushindani huo ikiwa nyuma. Mwaka 2001 timu yake ilishinda mechi moja tu kati ya 11. Kisha akaja kocha Jeff Tedford, na mwaka 2004 ikashinda 10 na kupoteza 2. Hofu ya kumpoteza kocha huyo, aliyekuwa akitamaniwa na vyuo vingine, ndiyo iliyoharakisha mipango ambayo hofu ya tetemeko ilikuwa imeshindwa kuiharakisha kwa miongo kadhaa. Jambo hilo lanisikitisha hadi leo. Maelfu ya watu walikaa juu ya ufa ule Jumamosi baada ya Jumamosi tangu 1923, na chuo kilijua. Kilichofungua mkoba ni ushindi.

Mpango ulitangazwa kwa hatua mbili: kwanza kituo cha mazoezi upande wa magharibi wa uwanja, kisha uwanja wenyewe. Mwaka 2006 Jiji la Berkeley, jumuiya ya wakazi wa kilima cha Panoramic Hill na wakfu uliotetea miti ya mialoni walikwenda mahakamani. Silaha yao kuu ilikuwa Sheria ya Alquist-Priolo ya mwaka 1972, iliyotungwa baada ya tetemeko la San Fernando la 1971, ambayo inakataza kujenga majengo mapya ya watu juu ya ufa ulio hai na kuweka kikomo kwa ukarabati wa yaliyopo: gharama zake zisizidi nusu ya thamani ya jengo. Wakati wanasheria wakibishana kuhusu thamani ya uwanja mbovu, vijana walikwisha kupanda juu ya mialoni iliyopangwa kukatwa. Walipanda tarehe 2 Desemba 2006, siku ya mechi ya Stanford, na wa mwisho wao alishuka Septemba 2008, baada ya miezi 21. Miti ikakatwa na ujenzi ukaanza. Ucheleweshaji huo nao ni gharama, lakini siwezi kuwalaumu waliokwenda mahakamani, maana maswali yao kuhusu ufa yalilazimisha uchunguzi wa ardhi kufanyika kwa makini zaidi na hadharani.

Upande wa uhandisi ndiko ninakoona fahari ya kweli ya mradi huu. Haiwezekani kuuzuia ufa, kwa hiyo wahandisi waliamua kuuacha upite. Mahali ufa unapokatiza bakuli la viti, kwenye ncha mbili za uwanja, walitenga vipande viwili vikubwa vya jukwaa visivyoshikana na sehemu nyingine za uwanja. Kila kipande kimekaa juu ya msingi wake mnene wa zege, na chini ya msingi huo wametandika mchanga na karatasi za plastiki ili usishikamane na ardhi iliyo chini yake. Ardhi ikipasuka, kipande kinaweza kuteleza hadi futi 6 kwa mlalo na futi 2 kwa wima, kikajizungusha na kuinama bila kuvunjika wala kumwangusha aliyekaa juu yake. Mwanya kati yake na jukwaa la jirani umefunikwa kwa vifuniko ambavyo mtazamaji huvikanyaga akienda kununua soda bila kujua amevuka nini.

Upande wa magharibi, nyuma ya ukuta ule wa kihistoria ulioachwa umesimama, jukwaa zima lilibomolewa na kujengwa upya. Juu yake pakawekwa jengo refu la waandishi wa habari na wageni maalumu, likiwa na miguu yake yenyewe na vifaa vya kufyonza mtikisiko, ili litikisike peke yake bila kuligonga jukwaa. Uwanja wa kuchezea ulishushwa takriban futi 4 ili wa viti vya chini waone vizuri. Viti vikapunguzwa kutoka karibu 72,000 hadi takriban 63,000. Msimu wa 2011 timu ilihamia San Francisco, kwenye uwanja wa besiboli. Mechi ya kwanza nyumbani ilichezwa tarehe 1 Septemba 2012 dhidi ya Nevada, na wenyeji wakafungwa 31-24.

Ukitazama muundo huo utaona gharama mbili zilizolala kitanda kimoja. Vipande vinavyoteleza, nguzo mpya na misingi mipya vinahusu uhai wa watu. Jengo la wageni maalumu, kumbi za vinywaji na viti vyenye migongo vinahusu mapato. Kituo cha mazoezi, chenye ofisi na vyumba vya timu 13, kiko katikati: kiliwaondoa makocha na wanamichezo waliokuwa wakifanya kazi kila siku ndani ya jengo hatari, jambo jema lisilopingika, na wakati huo huo kilikuwa kivutio cha kusajili vijana. Mhasibu makini angeweza kuitenga mistari hiyo tangu siku ya kwanza. Badala yake umma uliambiwa kwamba idara ya michezo itaulipia mradi wote yenyewe, bila senti ya kodi wala ada ya mwanafunzi.

Njia ya kulipa ilikuwa kuuza haki za viti kwa muda mrefu. Karibu viti 3,000 vya katikati ya upande wa magharibi vilitengwa, na kila kimoja kikapewa bei kuanzia dola 40,000 hadi zaidi ya 200,000 kwa haki ya kukikalia kwa miaka 40 au 50. Mnunuzi hakulazimika kutoa fedha zote mara moja, kwani aliweza kulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Fedha zikikusanywa zingewekezwa, na faida ya uwekezaji ingelipa riba ya deni, kisha hatimaye hazina hiyo ingebaki kuhudumia michezo yote ya chuo. Lengo lilikuwa dola milioni 270. Kwenye karatasi mpango ulipendeza, na ulipoanza kuuzwa mwanzoni mwa 2008 timu ilikuwa bado ina jina.

Miezi michache baadaye uchumi wa Marekani ulianguka. Kufikia wakati uwanja unafunguliwa, takriban theluthi mbili tu ya viti hivyo ndivyo vilivyopata wanunuzi, tena wanunuzi walioahidi kulipa kwa mafungu, ambao wangeweza kusitisha. Chuo kilikuwa kimekwisha kukopa kwa hati fungani kiasi kinachokaribia dola milioni 445. Ratiba ya deni ilipangwa hivi: kwa miaka 20 ya mwanzo, hadi 2032, idara ilipe riba tu, takriban dola milioni 18 kila mwaka, na baada ya hapo ndipo deni lenyewe lianze kupunguzwa. Sehemu ya mkopo iliwekwa kwenye hati fungani za miaka 100 ambazo Chuo Kikuu cha California kilizitoa mwaka 2012, zitakazoiva mwaka 2112.

Tuipime riba hiyo kwa mizani ya mtu wa kawaida. Timu ya chuo hucheza nyumbani mara sita au saba kwa mwaka. Ukigawa dola milioni 18 kwa mechi saba unapata zaidi ya dola milioni 2.5 kwa kila mechi, kabla hujamlipa kocha, mlinzi wala mfagiaji. Uwanja ukijaa hadi kiti cha mwisho, kila kiti kinadaiwa takriban dola 41 kwa mechi kwa ajili ya riba peke yake. Wakija watu 40,000, kila mmoja wao amebeba zaidi ya dola 64. Na juu ya kilima cha mashariki, mahali panapoitwa Tightwad Hill, wapo wanaotazama bure tangu enzi za babu zao. Sisemi hivyo kwa kuwashutumu. Hesabu hii inaonyesha tu kwamba tiketi za mlangoni haziwezi kulibeba deni la namna hii, kwa hiyo kila kitu kiliegemezwa kwa matajiri wa viti 3,000, na matajiri hao waliegemezwa kwa ushindi.

Ushindi haukuja. Msimu wa kwanza katika uwanja mpya uliisha kwa ushindi 3 na vipigo 9, na Tedford, mtu ambaye mradi ulijengwa kwa ajili ya kumbakiza, akafutwa kazi Novemba 2012. Mwaka uliofuata, chini ya Sonny Dykes, timu ilishinda mechi moja na kupoteza 11. Mnunuzi aliyefikiriwa angeng'ang'ania kiti cha nusu karne alikuwa sasa anauliza kama anakihitaji hata msimu ujao. Mwaka 2018 likaongezeka pigo jingine lisilohusiana na uwanjani: sheria mpya ya kodi ya Marekani, iliyopitishwa Desemba 2017, ilifuta nafuu iliyowaruhusu wachangiaji kuhesabu asilimia 80 ya michango ya kupata haki ya kununua viti kama sadaka isiyotozwa kodi.

Haya yote yalitokea chuoni ambako watu walikuwa wamekwisha kuumia. Novemba 2009 Bodi ya Regents, inayosimamia vyuo vyote vya Chuo Kikuu cha California, ilipandisha ada kwa asilimia 32 kwa sababu jimbo lilikuwa limepunguza ruzuku, na watumishi walipewa likizo za lazima bila malipo. Mwezi huo huo baraza la wahadhiri wa Berkeley lilipiga kura kutaka fedha za chuo zisiendelee kuibeba idara ya michezo. Septemba 2010, wakati mitambo ikiwa kazini ubavuni mwa uwanja, Mkuu wa Chuo Robert Birgeneau alitangaza kwamba besiboli, mazoezi ya viungo ya wanaume na ya wanawake, na lakrosi ya wanawake zitafutwa. Wahitimu walichanga mamilioni ya dola kuziokoa, na timu ya besiboli, ikiwa imetoka kuokolewa, ikafika fainali za taifa za vyuo mwezi Juni 2011. Mtu akiniuliza gharama ya ukarabati ilikuwa ipi, siwezi kutaja dola peke yake nikawasahau wachezaji wale walioambiwa hawana nafasi.

Faida nazo zipo, na haitakuwa haki kuzipitia juujuu. Kubwa kuliko zote haiingii katika daftari lolote la mapato: tetemeko likija Jumamosi alasiri mwezi Oktoba, makumi ya maelfu ya watu wana nafasi nzuri ya kutoka salama, nafasi ambayo waliotangulia hawakuwa nayo. Wanajiolojia wanakadiria kwamba Ufa wa Hayward umekuwa ukitoa tetemeko kubwa kila baada ya miaka 140 hadi 160 hivi, na tangu 1868 muda huo umekwisha kutimia. Wanamichezo wa timu nyingi walipata mahali pa kutibiwa na kufanyia mazoezi. Ukuta wa Howard umebaki. Na uwanja ulipata uwezo wa kupokea shughuli nyingine: tarehe 26 Julai 2014 Real Madrid na Inter Milan walicheza hapo mbele ya watu zaidi ya 62,000, wakatoka sare ya 1-1, Inter wakashinda kwa penalti. Ila siku za namna hiyo ni chache, na mtaa wenye barabara nyembamba zilizo mlimani hauwezi kuzipokea kila wiki.

Jina la uwanja lilijaribiwa pia kama chanzo cha fedha. Mwaka 2013 kampuni ya michezo ya simu, Kabam, ilikubali kulipa dola milioni 18 kwa miaka 15 ili eneo la kuchezea liitwe kwa jina lake, lakini mkataba ulivunjika kabla hata theluthi ya muda huo haijapita. Mwaka 2021 ikaja FTX, soko la sarafu za kidijitali, kwa dola milioni 17.5 za miaka 10, na Novemba 2022 FTX ikafilisika. Deni la miaka mingi lilikuwa linatafutiwa nguzo kwa kampuni ambazo umri wake ulikuwa mfupi kuliko wa baadhi ya makocha.

Si kwamba kila ukarabati wa aina hii huishia hivi. Texas A&M, chuo kikuu cha jimbo la Texas, iliukarabati uwanja wake wa Kyle Field kwa takriban dola milioni 485 kufikia 2015, kiasi kinacholingana na cha Berkeley, na kuufanya upokee zaidi ya watu 102,000. Kule uwanja uliongezwa viti badala ya kupunguzwa, wachangiaji ni wengi na wana mazoea ya miongo kadhaa, na hakuna ufa chini. Fedha zinazofanana, zikiwekwa mahali pasipofanana, hazitoi majibu yanayofanana.

Ukweli ulikubaliwa Berkeley kwa kuchelewa. Mwaka wa fedha wa 2016 idara ya michezo ilikuwa na nakisi ya takriban dola milioni 22, kiasi kikubwa chake kikiwa ni riba ya uwanja. Dawa ya deni ni kulipa, na idara haikuwa na cha kulipia. Mwanzoni mwa 2018 Mkuu wa Chuo Carol Christ alitangaza kwamba chuo chenyewe kitachukua zaidi ya nusu ya deni, sehemu inayohusishwa na uimarishaji dhidi ya matetemeko, na idara ya michezo itabaki na iliyosalia. Wapo waliokasirika wakasema ahadi imevunjwa, na kweli ilivunjwa. Lakini mgawanyo ule ndio uliotakiwa tangu mwanzo. Usalama wa jengo la umma ni wajibu wa mwenye jengo, na kama chuo kingewaambia wahadhiri, wanafunzi na jimbo mwaka 2007 kwamba hii hapa ni gharama ya kutowaua watazamaji wetu, na hii nyingine ni ya anasa na mashindano, mjadala ungekuwa wa haki. Pengine ile ya pili ingepunguzwa. Pengine ingeahirishwa mpaka wanunuzi watoe fedha taslimu.

Tangu hapo mazingira yamezidi kubadilika. Ligi ya Pac-12, ambamo Berkeley ilikuwa ikicheza, ilisambaratika mwaka 2023, na Berkeley, pamoja na Stanford, ikajiunga na ACC, ligi ya pwani ya mashariki, mwaka 2024, kwa kukubali kupokea asilimia 30 tu ya mgao wa kawaida wa televisheni kwa miaka saba ya mwanzo, huku timu zake zikisafiri kutoka bahari moja hadi nyingine. Bodi ya Regents iliiamuru UCLA, chuo dada cha Los Angeles kilichohamia ligi tajiri ya Big Ten, iilipe Berkeley dola milioni 10 kwa mwaka kwa miaka mitatu ili kupunguza pengo. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu kila chuo kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Zile fedha za televisheni zilizokuwa zikigeuzwa zege kwa sababu wachezaji hawakuruhusiwa kulipwa sasa zina wenyewe, na ni haki yao. Deni la zege halikupungua kwa sababu hiyo.

Mwaka 2032 kipindi cha kulipa riba tupu kitakwisha, na malipo ya kila mwaka yatapanda mkopo wenyewe utakapoanza kulipwa. Chuo bado kina muda wa kutenga akiba kwa ajili ya ongezeko hilo na kuuweka mpango wake wazi, sehemu ya usalama peke yake na ya michezo peke yake, ili mwanafunzi atakayeingia mwaka huo ajue ni ipi anayoichangia. Vile vipande viwili vya jukwaa bado vimekaa juu ya mchanga na plastiki yake, na ardhi iliyo chini yake inaendelea kusogea.